Nguvu, Mwendo na Deni: Historia ya Msamiati wa Difu katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maneno yanayotumika katika kazi moja ya gereji, nayo ni kubadili uwiano wa meno katika difu ya nyuma ya pikapu kuukuu. Kitovu cha mjadala ni Ujiji na Kigoma, mahali ambapo kwa zaidi ya karne moja na nusu kila msafiri na kila mtambo umelazimika kuchagua kati ya uzito wa mzigo na wepesi wa mwendo. Makala yanaonesha kwamba majina ya vipuri yalikopwa kutoka Kiingereza katika karne ya 20, lakini maneno yanayoeleza mahusiano ya vipuri hivyo yana mizizi katika lugha ya upagazi, ya chombo na ya biashara. Hoja kuu ni kwamba leksikografia ya Kiswahili imeyatenga makundi haya mawili, na kwamba utengano huo una hasara kwa kamusi na kwa fundi pia.

1. Utangulizi

Ndani ya difu ya nyuma ya Land Rover ya zamani mna magurudumu mawili ya meno yanayokutana kwa pembe. Dogo huitwa pinioni, nalo huzungushwa na propela itokayo kwenye giaboksi. Kubwa huitwa krauni, nalo huzungusha ekseli mbili zinazoshika magurudumu ya gari. Katika Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1985, pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 47. Maana yake ni kwamba propela inapozunguka mara 47, gurudumu la gari huzunguka mara 10. Uwiano huo huandikwa 4.7.

Gari dada, Range Rover, lililoanza kuuzwa mwaka 1970, lilipewa difu yenye pinioni ya meno 13 na krauni ya meno 46. Uwiano wake ni 3.54. Kwa kuwa difu za aina hiyo zinafanana kwa umbo, wamiliki wa Land Rover kuukuu katika nchi nyingi wamekuwa wakitoa difu ya 4.7 na kuweka ya 3.54. Gari lililofanyiwa hivyo hupata umbali zaidi kwa takriban theluthi moja katika kila mzunguko wa injini, na hupoteza takriban robo ya nguvu ya kuvuta. Hakuna namna ya kupata ile theluthi bila kuitoa robo.

Makala haya hayakusudii kufundisha ufundi wa magari. Yanauliza swali la kihistoria na kiisimu: je, Kiswahili kilipataje maneno ya kulieleza badilishano hili, na maneno hayo yalitoka wapi? Mwambao wa Ziwa Tanganyika umechaguliwa kwa sababu historia yake ya uchukuzi ni historia ya badilishano hilohilo. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, nalo limezungukwa na vilima. Kutoka pwani ya Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,200. Aliyetaka kufika huko na mzigo wake, awe mpagazi au dereva, alilazimika kwanza kuamua ni kipi atakitoa: uzito au haraka.

2. Mzigo na mwendo kabla ya gurudumu

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliufuata mkondo wa misafara iliyokuwa imekwisha kuzoeleka kwa Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi. Mkondo huo haukuwa na gurudumu. Kipimo cha uchukuzi kilikuwa bega la mtu, na kipimo cha mzigo kilikuwa frasila, takriban kilo 16. Mpagazi wa pembe au wa nguo alibeba karibu frasila mbili. Kiongozi wa msafara aliyeongeza uzito alipunguza mwendo wa siku, na mwendo ukipungua, siku za kununua chakula njiani ziliongezeka. Hesabu hii ilifanywa kila asubuhi kabla ya ngoma kulia, nayo ilifanywa kwa Kiswahili.

Jaribio mashuhuri la kuleta gurudumu katika njia ya Ujiji lilishindwa. Mwaka 1877 Chama cha Wamisionari cha London kilianza safari ya kwenda ziwani kikiwa na magari ya kukokotwa na maksai. Hoja yake ilikuwa sahihi kimahesabu: jozi za maksai zingevuta mzigo ambao ungehitaji wapagazi wengi. Lakini maksai walikufa kwa maradhi yaletwayo na mbung'o, na magari yakabaki njiani. Waliofika Ujiji mwezi Agosti 1878, akiwamo Edward Hore, baharia wa msafara huo, walifika kwa nguvu ya wapagazi. Gurudumu halikushindwa kwa sababu ya ubovu wa umbo lake; lilishindwa kwa sababu kilichopaswa kulivuta hakikuweza kuishi katika njia ile.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuangaliwa hapa ni mzizi mmoja wa Kiarabu, ḥ-m-l, wenye maana ya kubeba. Kiswahili kilitwaa kutoka mzizi huo neno hamali, yaani mtu achukuaye mizigo mjini na bandarini. Neno himila, yaani mzigo. Na kitenzi himili, yaani kustahimili uzito au shida. Kutoka kitenzi hicho likaundwa neno mhimili, ambalo kwa asili ni boriti au nguzo inayobeba dari. Baadaye vitabu vya shule vililitumia neno hilohilo kwa mstari ambao dunia huzunguka juu yake. Lugha ya siasa ikazungumzia mihimili mitatu ya dola. Lugha ya ufundi nayo inaweza kulitumia kwa chuma kinachobeba gari na kushika magurudumu yake.

Hamali na mhimili, basi, ni ndugu wa damu. Neno linalotaja bega la binadamu na neno linalotaja chuma kilichochukua nafasi ya bega hilo yametoka katika mzizi mmoja. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Lugha iliendelea kuuliza swali moja, ni nani au ni nini kinachobeba, na jibu likabadilika kadiri vyombo vya kubebea vilivyobadilika.

3. Tanga, kapi na usukani

Kando ya upagazi, Ujiji ilikuwa na lugha ya pili ya uchukuzi, nayo ni lugha ya chombo. Wafanyabiashara wa pwani walitumia tanga katika Ziwa Tanganyika kando ya mitumbwi ya makasia iliyokuwako kabla yao. Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji mwaka 1874 na kulizunguka ziwa upande wa kusini, alisafiri kwa vyombo vilivyopatikana hapo hapo mjini. Philip Gooding, katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu ziwa hili kati ya mwaka 1830 na 1890, analitazama kama ukingo wa ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Mtazamo huo unafaa pia kwa lugha: msamiati wa bahari ulipanda hadi ziwani pamoja na mabaharia.

Katika msamiati huo kuna chombo kidogo kinachostahili nafasi kubwa katika historia ya ufundi wa Waswahili. Nacho ni kapi, ambalo pia huitwa roda, neno lililotoka katika Kireno na ambalo katika lugha hiyo lina maana ya gurudumu. Baharia anapopandisha foromali kwa kamba inayopita katika makapi mawili, huvuta kamba ndefu ili foromali ipande kidogo. Anatoa urefu wa kamba, anapata nguvu ya mkono. Akitumia kapi moja tu, tanga hupanda upesi lakini mikono huumia. Hii ndiyo hesabu ya difu, ila hapa inafanywa kwa kamba na mbao badala ya chuma na meno. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba wazo la kubadilishana nguvu na mwendo lilifika Afrika Mashariki ndani ya motokaa. Lilikuwamo katika kazi ya mabaharia na maneno yake, likingoja kifaa kingine.

Neno jingine la chombo lilihama lenyewe. Usukani, lenye asili ya Kiarabu, ni kifaa cha nyuma ya chombo kinachokielekeza majini. Motokaa ilipofika, duara la mbele ya dereva halikupewa jina la Kiingereza. Lilirithi jina la usukani. Badiliko hilo lina mantiki. Mswahili hakutazama umbo, kwa kuwa usukani wa jahazi haufanani hata kidogo na duara la gari. Alitazama kazi. Baadaye kazi hiyo ikapanuka, na leo anayeongoza nchi au chama husemwa kwamba ameshika usukani.

Hali ni hiyohiyo kwa neno meno. Kabla ya gia yoyote, Kiswahili kilikuwa kikisema meno ya msumeno, meno ya kitana na meno ya ufunguo. Chochote chenye ncha zinazopangana na kushika kilistahili kuitwa hivyo. Magurudumu ya ndani ya mtambo yalipoonekana, jina lilikuwa tayari.

4. Reli, meli na lugha ya mitambo

Mwezi Februari 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma, na mji huo ukapata sifa ambayo bado unaitwa kwayo: mwisho wa reli. Kilichofuata ni mojawapo ya visa vizito zaidi vya uchukuzi katika Afrika Mashariki. Meli ya Goetzen iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha Kigoma kwa treni. Hapo iliungwa upya, nayo ikashushwa majini mwezi Februari 1915.

Upande wa pili wa ziwa, mwaka huohuo, Waingereza walikuwa wakipitisha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, juu ya milima ya Mitumba nchini Kongo. Mashua hizo zilivutwa kwa matrekta ya mvuke na makundi ya maksai. Matrekta ya mvuke ni mfano dhahiri wa chaguo la meno mengi: yanakwenda polepole mno, lakini yanavuta kile ambacho farasi wala motokaa ya wakati ule isingeweza kukivuta. Mwezi Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani.

Wajerumani walipoondoka Kigoma mwezi Julai 1916 waliizamisha Goetzen wenyewe, lakini kabla ya kufanya hivyo waliipaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Mvuke ulihudumu hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli. Kwa hiyo kwa nusu karne Kigoma ilikuwa na karakana ya reli na ya meli, yaani shule mbili za ufundi wa chuma, katika mji uliokuwa na barabara chache na duni.

Kuna fumbo la kihistoria hapa. Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika ofisi na shule, nao uliacha maneno kama shule na hela. Hata hivyo, msamiati wa motokaa uliosalia katika Kiswahili cha Tanzania ni wa Kiingereza karibu wote: gia, breki, klachi, injini, springi, tairi, beringi, jeki, spana. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ushahidi ni ya wakati. Wajerumani walileta reli na meli. Motokaa zilienea kwa wingi chini ya utawala wa Kiingereza. Neno huja na kifaa, na hukaa pamoja na watu wanaokitengeneza.

5. Gia mashariki, vitesi magharibi

Maelezo hayo yanathibitishwa na ziwa lenyewe. Wabelgiji waliishika Kigoma na Ujiji kuanzia mwaka 1916, na hata baada ya kuzikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921 walibaki na eneo lao la bandari mjini Kigoma. Lakini ng'ambo ya ziwa na mpakani upande wa kaskazini ndiko Kifaransa kilikoacha alama ya kudumu. Katika Kirundi na Kinyarwanda dereva ni umushoferi. Na kile ambacho Kigoma hukiita gia, katika lugha hizo na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo huitwa vitesi, kutoka neno la Kifaransa vitesse.

Tofauti hii si ya sauti tu. Neno la Kiingereza lililozaa gia linataja kifaa, yaani meno yanayoshikana. Neno la Kifaransa lililozaa vitesi linataja matokeo, yaani mwendo. Dereva wa upande wa mashariki akisema anabadili gia, anataja anachokishika. Dereva wa upande wa magharibi akisema anabadili vitesi, anataja anachokitafuta. Tena gia ya chini kabisa haitafuti mwendo; inatafuta nguvu. Kwa hiyo neno vitesi linasahau nusu ya badilishano, na neno gia halisemi lolote kulihusu. Kila pwani ya ziwa ilikopa jina, na hakuna iliyokopa wazo lote.

Tangu mwaka 1972, na zaidi katika miaka ya 1990, mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996. Pamoja na watu walikuja mafundi, madereva na namna zao za kusema. Mtafiti wa msamiati wa ufundi katika mkoa huu hana budi kukumbuka kwamba anatazama mahali ambapo historia mbili za ukopaji zinakutana chini ya gari moja.

6. Ndani ya difu

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na katika miongo iliyofuata ikawa gari la serikali, la misheni na la mashamba katika Afrika Mashariki. Uwiano wa 4.7 uliifaa. Njia ya kutoka ziwani kupanda vilima vya Manyovu, au kwenda Kasulu wakati wa masika, ilihitaji gari linalovuta kwenye tope na mwinuko. Hakuna aliyelalamika kwamba gari haliwezi kukimbia, kwa kuwa barabara haikuruhusu kukimbia.

Uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliwafanya mafundi wa Tanzania kuwa walezi wa magari ambayo kwingineko yangetupwa. Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu historia ya motokaa nchini Tanzania, anaonesha kwamba gereji zilikuwa mahali pa maarifa na ubunifu na si pa kufuata tu maelekezo ya kiwanda. Maneno yalitengenezwa papo hapo pamoja na magari. Neno difu lenyewe ni ushahidi: ni kipande cha mwanzo cha neno refu la Kiingereza, likapewa irabu ya mwisho na kuingia katika ngeli ya I-ZI kana kwamba lilizaliwa humo.

Barabara za lami zilipoongezeka mkoani katika karne hii, na Mto Malagarasi ulipopata daraja jipya lililopewa jina la Kikwete, hesabu ya zamani iligeuka. Gari la 4.7 kwenye lami hupiga kelele na kunywa mafuta huku likipitwa na kila basi. Hapo ndipo wazo la kubadili difu hupata maana, na hapo ndipo lugha hupimwa.

Kazi yenyewe huanza kwa kutambua difu iliyopo. Fundi asiye na kitabu huinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hulizuia jingine lililo chini, huweka gia huru, na kuchora alama ya chaki kwenye propela. Kisha hulizungusha gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili na kuhesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, difu ni ya 4.7; ikizunguka mara tatu na nusu, ni ya 3.54. Ni lazima gurudumu lizunguke mara mbili na si mara moja, kwa sababu gurudumu moja likisimama, meno madogo ya ndani ya difu hugawa mzunguko kwa nusu. Fundi anayejua hilo amekwisha kuielewa difu, hata kama hajawahi kusikia neno uwiano.

Baada ya kutambua, oili humwagwa, ekseli huvutwa nje kutoka pande zote mbili, propela hufunguliwa, na difu hutolewa nzima kwa upande wa mbele. Katika pikapu ndefu za matoleo ya mwisho kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa nyumba ya difu ni kipande kimoja kilichofungwa. Pinioni na krauni hupangwa ndani yake kwa vipimo vya unywele, na wengi huona heri kubadili mhimili wote wa nyuma.

Hatari tatu hufuata, na zote tatu ni za mahusiano wala si za vipuri. Ya kwanza ni kubadili difu ya nyuma peke yake. Gari likiendeshwa kwa magurudumu mawili halitaonesha kasoro yoyote. Siku dereva atakapoweka nguvu ya magurudumu manne ili kutoka kwenye tope, na kuisahau alipofika penye ardhi ngumu, propela ya mbele na ya nyuma zitadai mwendo tofauti kutoka giaboksi moja, na kitu kitakatika. Ya pili ni spidimita. Katika gari hili spidimita husoma mzunguko kabla haujafika kwenye difu, kwa hiyo haina habari na badiliko lililofanywa. Ikionesha kilometa 60 kwa saa, gari linakwenda karibu 80. Ya tatu ni breki: ni zilezile za ngoma zilizobuniwa kwa gari la mwendo mdogo.

Kipuri kimeingia, nati zimekaza, oili haivuji. Kwa mtazamo wa majina ya vitu, kazi imekamilika. Kwa mtazamo wa mahusiano ya vitu hivyo, bado.

7. Deni lililomo katika neno uwiano

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, kamusi iliyotolewa chini ya uhariri wa Frederick Johnson mwaka 1939, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kwa pamoja zimeipa lugha msamiati mpana wa elimu. Uwiano ni mojawapo ya maneno yaliyoimarika katika hisabati za shule. Mara nyingi neno la namna hii hudhaniwa kuwa la mezani, lisilo na jasho la kazi. Dhana hiyo inafaa kuchunguzwa upya.

Kimofolojia, uwiano hufungamana na kitenzi wia, chenye maana ya kudai au kuwa na haki juu ya mtu. Mwia ni mwenye kudai. Mwiwa ni mwenye kudaiwa. Kiambishi cha kutendana kikiongezwa, pande mbili zinawiana: kila moja ina dai juu ya nyingine. Hii ni lugha ya soko la Ujiji, ambako nguo zilitolewa kwa ahadi ya pembe na wapagazi walipewa posho kwa ahadi ya safari. Katika difu, nguvu na mwendo vinawiana kwa maana hiyo kamili. Mwendo ukiongezeka, nguvu imekopwa. Dereva aliyesahau deni hilo hulilipa mlimani.

Hivyo basi Kiswahili kimekuwa na jina la wazo lote muda wote, jina linalozidi gia na vitesi kwa kina. Tatizo ni kwamba jina hilo limebaki darasani, na difu imebaki gereji. Kamusi inayofafanua uwiano kwa mifano ya namba peke yake, na kuiacha difu nje kwa sababu ni neno la mafundi, inawanyima wasomaji wote wawili. Mwanafunzi wa hisabati hapati kitu cha kushika. Kijana anayejifunza ufundi naye hupata majina ya vipuri lakini hapati sentensi ya kueleza kwa nini spidimita inadanganya.

Umma, kwa upande wake, haujangoja kamusi. Mwaka 2015, wakati wa harakati za uchaguzi mkuu wa Tanzania, msemo wa kubadili gia angani ulienea nchini kote kwa maana ya kugeuza mkakati ghafla katikati ya safari. Neno la gereji liliingia katika siasa na kila mtu akalielewa. Lakini hata hapo kilichohama ni jina la kifaa na tendo la kukigeuza. Swali la nini kinachotolewa ili kitu kingine kipatikane halikuhama nalo.

8. Hitimisho

Makala yameonesha kwamba msamiati wa difu una tabaka tatu. La juu ni la mikopo ya karne ya 20: difu, gia, pinioni, krauni, propela. La kati ni la maneno ya chombo na ya mwili yaliyohamishiwa kwenye mitambo: usukani, meno. La chini ni la upagazi na biashara, nalo ndilo linalobeba mahusiano: mhimili na uwiano. Historia ya Ujiji na Kigoma inaeleza kwa nini tabaka hizi zimekutana hapa kwa uwazi kuliko pengi, kwa kuwa ni mahali ambapo bega, tanga, reli na gurudumu vilipokezana kazi moja ndani ya vizazi vichache.

Pendekezo linalofuata ni la kiutendaji. Kidahizo difu kiingizwe katika kamusi na kifafanuliwe kwa kutumia neno uwiano, na kidahizo uwiano kitolewe mfano wa difu: meno 47 kwa 10, au 46 kwa 13, pamoja na kile kinachopatikana na kile kinachotolewa. Mitaala ya ufundi ifanye vivyo hivyo. Si kazi kubwa, kwa kuwa maneno yote yapo. Mafundi wameyahifadhi ya juu na shule zimeyahifadhi ya chini. Kilichobaki ni kuyashikanisha meno yake.